Kuhani Aliangalia Mara Mbili: Somo juu ya Magonjwa ya Ngozi na UKIMWI

Masomo ya kusomwa kwanza: Walawi 13:1-8 na 38-41, Ayubu 2:7-13, Marko 1:40-45.

Somo la safari hii limetoka Mezani pa Bwana penyewe, wala si kwa njia ya kupendeza. Miaka kadhaa iliyopita, katika mtaa mmoja wa huku kwetu Unyamwezi, alikuwako ndugu mmoja mwenye vipele vyeusi miguuni na mikononi. Alikuwa akijikuna hata wakati wa mahubiri. Watu walipokwenda kupiga magoti ili kupokea, waliacha nafasi kulia na kushoto kwake, na wengine walingoja kundi litakalotangulia lipite, ilimradi wasinywe kikombe baada yake. Hakuna aliyemwambia neno. Baadaye hakuonekana tena kanisani, tukasikia amehamia kwenye mashamba ya tumbaku upande wa Urambo. Aliporudi aliletwa kwa baiskeli, ndugu zake wawili wakimshikilia asianguke, na siku chache baadaye tulimzika. Wakati ule vidonge vya kupunguza makali ya UKIMWI vilikuwa vimekwisha kufika Tabora. Sisi tuandikao tulikuwako. Tuliliona lile pengo kila Jumapili, tukanyamaza, kisha tukasema maneno mazuri mazishini.

Vipele vile, kama tutakavyoonyesha, visingeweza kumwambukiza mtu yeyote aliyepiga magoti karibu naye. Na yeye mwenyewe, kama angeambiwa maana yake mapema, labda angekuwa nasi leo. Kwa hiyo tumeona vema kulieleza jambo hili kwa kirefu, kwa kadiri ya elimu iliyopo sasa, ili kila mtu ajue ngozi husema nini na haisemi nini.

Kwanza tukumbuke kwamba mji wetu una historia ndefu na magonjwa ya ngozi. Tabora ilikuwa njia panda. Misafara ya kutoka Bagamoyo ilifika hapa, ambapo wageni walipaita Kazeh, kisha ikagawanyika: wengine wakaenda Ujiji, wengine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wengi walikuwa babu zetu Wanyamwezi. Burton na Speke walifika hapa Novemba 1857, na katika maandishi yake Burton alieleza jinsi ndui ilivyoipiga misafara, na jinsi wagonjwa walivyoachwa kando ya njia bila mtu wa kuwatunza. Mpagazi aliyetokwa na vipele aliogopwa, naye alibaki porini peke yake wakati wenzake wakiendelea na mizigo ya pembe. Hatuwezi kusema walikuwa watu wabaya. Ndui ilikuwa ikiambukiza kweli, na dawa hawakuwa nayo. Ugonjwa huo haupo tena duniani: mgonjwa wa mwisho aliyeupata kwa njia ya kawaida alikuwa Somalia mwaka 1977, na mwaka 1980 ikatangazwa kwamba umekwisha.

Njia hiyo hiyo ilimleta funza. Mdudu huyu hakuwako kwetu. Alivuka bahari kutoka Brazili akafika Angola kwa meli mwaka 1872, akasafiri katika vidole vya wapagazi na askari kuvuka bara zima, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amefika pwani ya mashariki. Lakini njia hiyo hiyo vilevile ilipitisha jambo jingine. Dkt. Livingstone, aliyekaa Kwihara mwaka 1872, alipofariki mwaka uliofuata kule kwa Chitambo, akina Susi na Chuma waliuchukua mwili wake mabegani, wakapita nao Tabora, wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Kwa hiyo ni njia moja ambayo watu waliacha wagonjwa wakiwa hai, na watu wengine wakabeba maiti kwa muda wa miezi tisa. Wazee wa hapa hupenda kuwasimulia wageni habari ya pili. Ile ya kwanza haisimuliwi sana.

Sasa tuje kwenye UKIMWI. Katika Tanzania wagonjwa watatu wa kwanza walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia mwaka 1986 kila mkoa wa bara ulikuwa umepata wagonjwa. Wakati ule huko Kagera watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikiingia kwa magendo, kwa kuwa haukuwa na jina. Kipimo cha damu kilikuwa adimu. Hivyo Oktoba 1985 waganga walikutana Bangui, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, chini ya Shirika la Afya Duniani, wakatunga orodha ya dalili ili mganga wa hospitali isiyo na kipimo aweze kumtambua mgonjwa. Dalili kubwa zilikuwa kukonda sana, kuharisha kwa muda mrefu na homa ya muda mrefu. Dalili ndogo zilikuwa sita, na katika hizo sita nne ni za ngozi au za kinywa: vipele vya kuwasha mwili mzima, mkanda wa jeshi unaorudi, utando mweupe mdomoni, na malengelenge ya muda mrefu yanayoenea. Saratani ya ngozi iitwayo Kaposi, ikienea mwilini, ilitosha yenyewe.

Tumeitaja orodha hiyo kwa sababu maalumu. Kule kupima kwa macho ambako watu wetu wamezoea hadi leo kulianza hospitalini, tena kwa shida, kwa kuwa hakukuwa na njia nyingine. Waganga wenyewe walijua kwamba orodha hukosea: iliwahesabu wengine wasio na virusi, ikawaacha wengine walio navyo. Kipimo kilipopatikana, waganga waliacha kuitegemea. Sisi makanisani na sokoni tumeendelea nayo.

Labda msomaji atauliza, kwa nini ngozi? Tutatumia mfano wa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walipozidi Unyamwezini na Usukumani, wanakijiji waliunda Sungusungu. Mwano ukipigwa, kila mwanamume hutoka na upinde wake. Mwili nao una Sungusungu wake, ndiyo kinga, nao ni chembe nyeupe za damu. Zimo chembe za kupigana, na zimo chembe ambazo kazi yake ni kupiga mwano ili nyingine zitoke. Virusi vya UKIMWI huziua hasa hizi za kupiga mwano. Wapiganaji wapo, lakini hawaitwi. Basi wezi waliokuwa wakizurura nje ya boma, yaani fangasi na vijidudu wanaoishi juu ya ngozi ya kila mtu mzima bila kumdhuru, huingia. Na wezi wa zamani waliofungwa ndani hutoroka. Ndiyo sababu ngozi na kinywa mara nyingi hutoa habari kabla mtu hajakonda wala kulala kitandani.

Huyo mwizi wa zamani ni mkanda wa jeshi. Mtoto akiugua tetekuwanga hupona, lakini virusi vyake haviondoki. Hujificha kwenye mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo kwa miaka mingi. Kinga ikilegea, huamka na kufuata mshipa mmoja hadi kwenye ngozi. Kwanza huja maumivu kama ya moto, kisha malengelenge yaliyojipanga kama mkanda wa askari, kwa kawaida upande mmoja tu wa mwili. Wapo wasemao kwamba mkanda ukizunguka kiuno na ncha zikakutana mtu hufa. Si kweli, kwa sababu hufuata mshipa wa upande mmoja, kwa kawaida mkanda hukoma katikati ya mwili. Mkanda huwapata wazee pia, kwa uzee wao tu. Lakini mtu wa miaka 25 au 40 akipatwa nao katika nchi zetu, ni haki yake kuambiwa kwa upole aende akapime damu, maana kwa umri huo mara nyingi kuna sababu.

Hapa tunamkumbuka mama mmoja, mwimbaji wa kwaya. Mkanda ulimtokea kwenye paji la uso na kushuka hadi ncha ya pua. Majirani walisema amerogwa, na mwingine akasema ametemewa mate na mjusi. Akapakwa majivu na dawa za mizizi muda wa majuma matatu. Malengelenge ya paji la uso yakifika puani, jicho la upande ule limo hatarini, na huyu mama alipofikishwa hospitali jicho lilikuwa limekwisha kupofuka. Iko dawa ya kuvizuia virusi hivyo, iitwayo asiklovia, lakini hufaa zaidi ikianza ndani ya siku 3 tangu malengelenge kutokea. Juma moja ni kuchelewa, majuma matatu ni kuchelewa sana. Baadaye alipima, akaanza vidonge, na hadi leo anaimba sauti ya pili. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuomba tuandike habari ya jicho. Jina lake alisema tusiliandike.

Na vile vipele vya ndugu yetu wa Urambo? Waganga huvijua sana. Ni vipele vigumu, vidogo, vinavyowasha usiku na mchana, navyo hutokea mikononi, miguuni, na pengine mgongoni na usoni. Mtu hujikuna hadi damu itoke, kisha hubaki na madoa meusi kama ya kuchomwa. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua asili yake. Watu waliosema ni damu chafu walikuwa wengi. Mwaka 2004 watafiti walitangaza matokeo ya kazi waliyoifanya Uganda. Walichukua vipande vidogo vya ngozi za wagonjwa, wakavitazama kwa darubini, nao waliona kwamba sehemu kubwa zilikuwa alama za kuumwa na wadudu: mbu na jamaa zake. Ngozi ya mtu ambaye kinga yake imeharibika hupokea kuumwa kule kwa hasira isiyo na kiasi. Kadiri kinga ilivyoshuka, ndivyo vipele vilivyozidi.

Fikirini neno hili, ndugu. Tulimkimbia mtu mezani pa Bwana kwa sababu ya kuumwa na mbu. Vipele hivyo haviambukizi kwa kugusana, wala kwa kikombe, wala kwa kukaa benchi moja. Faraja yake ilikuwa chandarua, shati la mikono mirefu jioni, dawa ya kutuliza muwasho, na hasa vidonge vya kuirudisha kinga. Wengi wakitumia vidonge miezi kadhaa muwasho huisha, ingawa madoa huchukua muda mrefu kufifia. Hii ndiyo sababu mtu anaweza kuwa na madoa mengi na afya njema: madoa ni habari ya mwaka jana.

Fangasi tutawapitia upesi, maana kila nyumba inawajua. Mapunye na mabaka ya mviringo huwapata watoto wa shule wasio na tatizo lolote. Kwa mtu mzima mwenye upungufu wa kinga huenea mgongoni na mapajani, au hula kucha nyingi kwa pamoja. Mba huweza kuzidi, ukashika nyusi na kando ya pua kwa magamba yenye mafuta. Utando mweupe mdomoni, unaobanduka ukikwanguliwa, kwa mtu mzima asiyetumia dawa za kuua bakteria wala meno ya bandia wala kuwa na kisukari, ni dalili ya kupeleka hospitali. Akisema chakula kinamchoma akimeza, asingoje.

Tunaomba hapa tuseme jambo la mafuta ya madukani. Akina mama, na siku hizi vijana wa kiume pia, hununua bomba la dawa ya kupaka yenye kutuliza muwasho kwa upesi, tena ile ile inayotumiwa na wengine kujichubua. Hutuliza kweli. Siku tatu ngozi huonekana imepona, lakini chini yake fangasi hustawi, kwa maana dawa hiyo imewalaza hata wale walinzi wachache waliobaki. Mgonjwa akifika kwa mganga, ugonjwa umegeuka sura usitambulike. Waganga wa ngozi hulalamikia jambo hili kuliko jingine. Na waganga hao ni wachache. Huko KCMC, Moshi, tangu mwaka 1992 kiko kituo kinachowafundisha maafisa tabibu kutoka nchi nyingi za Afrika kazi ya magonjwa ya ngozi, ili walau hospitali ya mbali iwe na mtu wa kuutofautisha upele na ukurutu.

Sasa saratani ya Kaposi. Inaitwa hivyo kwa jina la daktari wa Vienna aliyeieleza mwaka 1872. Afrika Mashariki ilikuwako tangu zamani, hasa kwa wazee wa kiume, ikienda polepole miguuni. Tangu miaka ya 1980 ilibadilika, ikawapata vijana, wanaume kwa wanawake, ikaenda mbio. Virusi vinavyoiwezesha viligunduliwa mwaka 1994. Kwenye ngozi nyeusi huonekana kama mabaka au vivimbe vya rangi ya zambarau iliyokolea au kahawia nyeusi, mguuni, usoni, na kwenye kaakaa mdomoni. Pengine mguu mzima huvimba na kuwa mgumu. Mwanzoni haiumi wala haiwashi, na hiyo ndiyo hila yake: mtu huipuuza. Dawa ipo. Vidonge vya kurudisha kinga ni nusu ya tiba, na walio na hali nzito hupewa dawa za saratani; kwa watu wa kanda yetu Bugando, Mwanza, ni karibu kuliko Ocean Road, Dar es Salaam.

Iko ngozi nyingine ambayo haisababishwi na virusi bali na dawa. Wenye upungufu wa kinga hukataliwa na dawa fulani zaidi ya watu wengine. Wazee wanaokumbuka matibabu ya kifua kikuu ya zamani watakumbuka vidonge vyenye thiasetazoni. Mwaka 1991 ilitangazwa kutoka Nairobi kwamba wagonjwa wenye virusi walikuwa wakibabuka vibaya kwa dawa hiyo, wengine hadi kufa, nayo ikaachwa. Septrin nayo, ambayo huwalinda wengi, huwatoa wachache vipele. Nevirapini, iliyotumiwa sana miaka ya mwanzo, ilikuwa vivyo hivyo. Tangu mwaka 2019 wengi nchini wamehamia kwenye kidonge chenye dolutegraviri, na malalamiko ya ngozi yamepungua. Kanuni ni hii: vipele vidogo katika majuma ya kwanza, nenda ukamwonyeshe mganga, usiache dawa kwa akili yako. Lakini vipele pamoja na homa, vidonda mdomoni, macho mekundu, au ngozi kubabuka kama iliyomwagikiwa maji ya moto, hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Tena iko hali inayowavunja watu moyo. Mtu ameanza vidonge, na baada ya majuma machache mkanda wa jeshi unamtokea, au chunjua zinazidi. Husema dawa zimenidhuru. Siyo. Mwano umepigwa tena. Sungusungu wameamka, wanawakuta wezi ndani, na kelele za mapambano ndizo hizo. Mganga atampa dawa ya kutuliza. Avumilie.

Tukisha kusema hayo yote, yatupasa tuseme kinyume chake. Muwasho wa mwili mzima unaweza kuwa upele wa kawaida, ule wa wadudu wadogo wanaochimba ngozi, ambao hushika nyumba nzima na kuisha nyumba nzima ikitibiwa pamoja. Majipu yanayorudi yanaweza kuwa kisukari. Baka lisilosikia ukilichoma kwa mwiba linaweza kuwa ukoma, ambao unatibika kabisa kwa dawa za bure. Ndugu zetu Wamoravian wa Sikonge walitunza wagonjwa wa namna hiyo tangu zamani za kutokuwako dawa. Kwa upande mwingine, wako wakristo wengi wenye virusi ambao ngozi zao zinang'aa kuliko za sisi tuandikao. Tangu mwaka 2016 anayegundulika huanzishiwa vidonge mara moja, bila kungojwa aharibike kwanza, na aliyetumia vizuri hata virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake. Kwa hiyo anayepima kwa macho humhukumu mwenye mbu na kumpitisha mwingine, na yeye mwenyewe huenda hajapima damu hata mara moja.

Basi turudi kwenye Walawi. Wengi huisoma sura ya 13 kama sura ya kufukuza watu. Isomeni polepole. Mwenye alama huletwa kwa kuhani, halaumiwi na mtaa. Kuhani huangalia, na asipokuwa na hakika hamtangazi. Humweka siku saba, kisha huangalia tena, na pengine humwongeza siku saba nyingine. Kisha mstari wa 38 na 39 wasema habari ya madoa meupe hafifu, na aliye nayo ni safi. Mstari wa 40 wataja upara, na mwenye upara ni safi. (Wazee wetu wawili wa kanisa watafurahi.) Torati, katika jangwa lisilo na maabara, ilikataza haraka kuliko sisi tulivyojikataza. Na watu wa kwanza waliokosea kuhusu ngozi ya mwenzao ni rafiki za Ayubu. Siku saba walikaa naye chini kimya, nayo ilikuwa kazi njema. Walipoanza kueleza sababu ya majipu yake ndipo walipopotea.

Katika Marko 1 tunaona mambo mawili. La kwanza linahubiriwa sana: Bwana alimgusa mtu yule kabla hajatakasika, si baada yake. La pili halihubiriwi. Alipokwisha kutakasika, Bwana alimwagiza aende akajionyeshe kwa kuhani. Yaani hata aliyeponywa na Mwana wa Mungu mwenyewe alitumwa kwenda kupimwa. Twawaomba sana walioombewa wakasikia nguvu mwilini waufuate mstari wa 44. Mwaka 2011 maelfu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe, wako walioacha vidonge vyao wakirudi, na wengine wao hawakuishi. Maombi tunayaamini, sisi wenyewe huombea wagonjwa kila juma. Lakini aliyepona hapotezi kitu akiendelea na vidonge hadi mganga aseme, na asiyepona hupoteza uhai akiviacha.

Kupima ni bure, na vidonge ni bure nchini tangu mwaka 2004, Kitete na katika vituo vya wilayani. Anayeona haya kuonekana kwenye foleni ya CTC ya karibu aruhusiwe kwenda ya mbali, wala asiulizwe kwa nini. Hivyo ndivyo wengi wanavyofanya, na ni afadhali nauli kuliko jeneza. Sheria ya mwaka 2008 inakataza kumtangaza mwenye virusi au kumbagua. Utani wa Wanyamwezi na makabila ya pwani, uliozaliwa katika misafara ile ile, unaruhusu mengi hata msibani, lakini tunadhani ngozi ya mgonjwa iachwe nje ya utani. Mtani wetu mmoja wa Kizaramo amekubali.

Kwa vikundi vya kujifunza, na kwa Umoja wa Akina Mama watakaosoma somo hili Alhamisi, tunaleta maswali machache. Someni kwanza Walawi 13:1-8 kwa sauti, mkihesabu ni mara ngapi kuhani anaangalia. Je, katika mtaa wenu ni nani anayefanya kazi ile ya kumwambia mtu kwa siri na kwa upole, nenda ukapime, na je, watu humwamini kutunza siri? Mtu mwenye vidonda akija Mezani pa Bwana, mzee wa kanisa anayeelekeza watu kwenye nafasi afanye nini akiona pengo? Na la mwisho, ambalo tungependa lijibiwe kwa majina, ingawa si kwa sauti: ni nani hajaonekana Mezani tangu Pasaka, na ni nani kati yenu atakwenda nyumbani kwake kabla ya Jumapili?